Tumeshindwa, Lakini Tumepata Pointi

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu mjini Ottawa, nilipanga chumba cha chini katika nyumba ya mzee mmoja aliyestaafu utumishi wa umma. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mapenzi mawili yaliyojulikana: bustani yake wakati wa joto na hoki ya barafuni wakati wa baridi. Usiku wa mechi sauti ya televisheni ilikuwa ikipenya dari yangu, na kwa kusikiliza kikohozi chake nilijifunza kukisia kama timu ya mji inaongoza au imefungwa. Asubuhi moja ya Januari tulikuwa tukiondoa theluji mlangoni kwa makoleo, nami nikamwuliza kwa adabu ya mpangaji mambo yalikuwaje jana. Akajibu bila kuinua uso: "Tumeshindwa, lakini tumepata pointi."

Nilidhani Kiingereza changu kimenipiga chenga. Mimi nimekulia Tanzania, nchi ambako shabiki wa Simba au wa Yanga akifungwa hulala na njaa kwa hiari yake, na asubuhi hakuna pointi ya kumfariji. Aliyefungwa harudi na kitu. Nikamwomba anifafanulie. Alinifafanulia huku akitupa theluji pembeni, na maelezo yake yamenikaa kichwani kwa zaidi ya miaka kumi.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikijadili katiba, bajeti na hali ya vyuo vikuu. Leo naomba ruhusa ya kujadili msimamo wa ligi ya mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuuona kwa macho. Nina sababu. Ligi ile ni taasisi ambayo kanuni zake zimeandikwa, matokeo yake yote yamo hadharani, na hakuna mhuri wa siri unaomzuia mtu kuhesabu. Anayetaka kuona jinsi kanuni iliyotungwa kwa nia njema inavyoweza kuwafundisha watu wazima tabia ambayo hakuna aliyeikusudia, pale ataiona kanuni hiyo ikiwa uchi.

Ligi ninayoizungumzia ni NHL, yenye timu 32 hivi leo, za Kanada na za Marekani. Katika misimu ambamo nimechota mifano yangu kila timu ilicheza mechi 82, kisha timu 16 zikaingia hatua ya mtoano kuwania Kombe la Stanley. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Anayeongoza dakika 60 zinapokwisha hupata pointi mbili, aliyeshindwa hapati kitu. Hadi hapo hakuna la ajabu. Lakini dakika hizo zikiisha timu zikiwa sare, kila moja hutiwa kibindoni pointi moja ambayo haitanyang'anywa tena. Kisha huchezwa dakika tano za nyongeza, wachezaji watatu kwa watatu badala ya watano kwa watano, mbali na makipa, na bao la kwanza humaliza mchezo. Bao lisipopatikana hupigwa mikwaju, mchezaji mmoja akimwendea kipa peke yake. Atakayeshinda kwa nyongeza au kwa mikwaju huongezewa pointi ya pili. Atakayeshindwa hubaki na ile yake moja, na huandikwa katika safu ya peke yake kwenye msimamo: si katika safu ya walioshinda, wala si katika safu ya walioshindwa.

Sasa tuhesabu. Mechi iliyokwisha ndani ya dakika 60 hugawa pointi mbili. Mechi iliyozidi hapo hugawa tatu. Ile ya tatu imetoka mfuko wa nani? Haikutoka kwa yeyote kati ya wale wawili waliomo uwanjani, kwa maana wote wawili wametoka na faida. Imechapishwa, kama vile benki kuu inavyoweza kuchapa noti, na kama ilivyo kwa noti za namna hiyo, gharama yake hulipwa na watu ambao hawakuwapo chumbani. Mechi za aina hii huwa takribani moja kati ya tano, na misimu mingine hukaribia robo ya mechi zote. Katika msimu wa mechi 1,312, hizo ni pointi mamia zinazoingia sokoni bila mtu kushushwa hata hatua moja ili zipatikane.

Mzee wangu alilijua hilo. Jambo ambalo hakulisema, nami nikaligundua baadaye nikiwa na karatasi na kalamu, ni kwamba kanuni hiyo huwapa wapinzani wawili maslahi ya pamoja. Chukulia timu mbili zenye nguvu sawa, mbili kwa mbili, zimesalia dakika tano. Mechi ikiamuliwa katika dakika hizo, mmoja atapata mbili na mwingine sifuri; kwa wastani kila mmoja anatarajia pointi moja. Wakivuta hadi king'ora kilie, kila mmoja ana moja mkononi tayari, pamoja na nusu ya uwezekano wa kupata nyingine; wastani ni moja na nusu. Hakuna biashara nyingine duniani inayokuongezea nusu ya mali yako kwa kutofanya jambo. Kwa hiyo kila upande unapunguza kasi, unarudisha walinzi nyuma, unasukuma kile kisahani cheusi cha mpira hadi kona ya mbali na kukiacha huko. Hawakuandikiana mkataba. Hawahitaji hata kutazamana.

Sisi Waafrika tuna kumbukumbu ya jambo linalofanana na hilo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1982 nchini Uhispania, Algeria iliifunga Ujerumani Magharibi 2–1, ikamaliza mechi zake za kundi, kisha ikalazimika kukaa na kutazama Ujerumani Magharibi ikicheza na Austria mjini Gijón siku iliyofuata. Ushindi mwembamba wa Wajerumani ungewavusha wote wawili. Wajerumani walipata bao mapema, na baada ya hapo watu 22 walipasiana mpira hadi mwamuzi akamaliza. Algeria ikarudi nyumbani. Fedheha ile ndiyo iliyolifanya FIFA liagize mechi za mwisho za kundi zichezwe kwa saa moja. Gijón ilihitaji bahati mbaya ya ratiba na ya hesabu ili itokee mara moja. NHL imeiweka katika kanuni za kila siku, kwa kipimo kidogo kidogo, kiasi kwamba hakuna anayezomea. Tumezoea kusema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Hapa nyasi huumia tembo wakikubaliana wasipigane.

Kuna kipengele kinacholizidisha jambo hili. Ligi imegawanywa kanda mbili, Mashariki na Magharibi, na kila kanda hutoa timu nane kwenye mtoano. Timu ya Mashariki inapocheza na ya Magharibi, pointi anayopata mpinzani haiugusi msimamo wake hata kidogo. Unampa mtu mali ambayo si yako, naye anakupa ambayo si yake, na jirani yako wa kanda moja, anayekufukuza kwa pointi mbili, anaamka asubuhi na kukuta pengo limeongezeka.

Msomaji atauliza ni mtu gani mwenye akili aliyetunga kanuni ya namna hii. Jibu ni kwamba hakuna aliyeitunga kwa mkupuo mmoja. Ilijengwa viraka juu ya viraka, na kila kiraka kilikuwa na busara yake. Zamani sare ilikuwa sare. Muda wa nyongeza ulikuwapo, lakini ulifutwa Novemba 1942, wakati wa vita, kwa sababu ratiba za treni zilibanwa na timu zilihitaji kuwahi safari. Vita vikaisha, treni zikarudi katika hali yake, nyongeza haikurudi hadi msimu wa 1983/84. (Nawaachia watumishi wa umma wanaonisoma wahesabu ni taratibu ngapi za dharura katika ofisi zao zimeishi miaka arobaini baada ya dharura kwisha.) Iliporudi, mshindi wa nyongeza alipata mbili na aliyeshindwa akapoteza hata ile moja aliyokuwa ameishika. Matokeo yake yalitabirika: timu ziliingia nyongeza zikiwa na woga, zikailinda pointi yao kwa dakika tano, na sare zikaendelea.

Msimu wa 1999/2000 ligi ikatafuta dawa. Ikasema: aliyefika sare baada ya dakika 60 amepata pointi moja kabisa, hata akifungwa baadaye, basi acheze bila hofu. Ikapunguza na wachezaji wa nyongeza wakawa wanne kwa wanne ili nafasi iongezeke. Dawa ilifanya kazi pale ilipopakwa. Nyongeza zilichangamka. Lakini woga haukufa; ulihama. Ulitoka katika dakika tano za nyongeza ukahamia katika dakika kumi za mwisho za muda wa kawaida, kwa sababu sasa ile sare ya dakika ya 60 ndiyo iliyogeuka kuwa lango la neema. Wachumi waliochunguza matokeo ya misimu hiyo waliona mechi zinazofika nyongeza zimeongezeka. Waliruka majivu wakakanyaga moto. Kisha, baada ya msimu mzima wa 2004/05 kufutwa kutokana na mgogoro wa wamiliki na wachezaji, ligi ikarudi na mikwaju ili kuwafurahisha mashabiki, sare ikafutwa kabisa, na tangu hapo kila mechi inayovuka dakika 60 hutoa pointi tatu bila kukosa. Mwaka 2015 wakapunguza wachezaji wa nyongeza hadi watatu kwa watatu. Kila marekebisho yaligusa namna ya kuigawa pointi ya ziada. Hakuna lililogusa swali la kwa nini ipo.

Sasa tutazame waliolipa. Msimu wa 2017/18 Florida ilishinda mechi 44 na kushindwa 38. Philadelphia, ya kanda hiyohiyo ya Mashariki, ilishinda 42 na kushindwa 40. Philadelphia ikaingia mtoano kwa pointi 98. Florida ikabaki nje na pointi 96, nyuma ya mwenzake wa mwisho aliyefuzu kwa pointi moja. Tofauti yao ni kwamba Philadelphia, katika zile mechi 40 ilizoshindwa, 14 ilishindwa kwa kuchelewa, wakati Florida ilichelewa katika nane tu. Sisemi Philadelphia iliiba kitu. Ilicheza kwa kanuni zilizopo. Nasema ni msimamo wa ajabu unaomweka aliyeshinda mara nyingi zaidi chini ya aliyeshindwa mara nyingi zaidi, na kuuita utaratibu huo mashindano.

Lakini tukio lililonifanya niandike makala haya ni la usiku wa tarehe 16 Aprili 2024. Nafasi moja ya Mashariki ilikuwa imebaki. Washington ilikuwa na pointi 89, Detroit 89, Philadelphia 87, na Philadelphia ilikuwa mwenyeji wa Washington usiku huo. Fikiria hesabu iliyokuwa kichwani mwa kocha wa Philadelphia. Akishinda atafika 89. Lakini akienda nyongeza, Washington itapata pointi moja papo hapo, itafika 90, na mlango utafungwa hata kama yeye atashinda dakika moja baadaye. Yaani sare ya dakika ya 60, ambayo kwa kawaida ni neema kwa wote, kwake ilikuwa kifo. Mechi ikawa 1–1 zikiwa zimesalia dakika chache. Akamtoa kipa.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kumtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa ziada ni jambo la kawaida kwa timu iliyo nyuma dakika za mwisho, maana haina cha kupoteza. Kufanya hivyo ukiwa sare ni sawa na mtu kuacha nyumba wazi usiku kwa sababu amesikia mwizi yuko barabarani. Washington wakakinyakua kile kisahani, wakakipeleka katika goli tupu, wakashinda 2–1 na kufuzu. Ukatili wa hesabu ulikuwa zaidi ya hapo: mahali pengine usiku huohuo Detroit ilikuwa imesawazisha katika sekunde za mwisho dhidi ya Montreal na hivyo kufika nyongeza, ikapata pointi yake ya 90, na Philadelphia ikawa imetoka hata kabla ya bao lile kuingia. Walijimaliza kwa ajili ya nafasi ambayo tayari haikuwapo.

Natumia mfano huu kwa sababu unaonyesha upande wa pili wa kanuni ileile. Pale ambapo pointi ya ziada humwendea mtu wa mbali, watu wazima huilinda sare kama mboni ya jicho. Pale ambapo humwendea mpinzani wa karibu, wanalazimika kufanya wazimu. Katika hali zote mbili mchezo unaochezwa dakika za mwisho si ule uliochezwa dakika 50 za mwanzo.

Detroit nayo ilishinda kwa mikwaju usiku ule, ikafika 91 sawa na Washington. Hapo ndipo ilipoingia kanuni ya kutenganisha: tangu msimu wa 2019/20 waliolingana pointi hutenganishwa kwanza kwa idadi ya ushindi uliopatikana ndani ya dakika 60. Washington ilikuwa nao mwingi zaidi, ikapita, ingawa Detroit ilishinda mechi 41 na Washington 40. Naiona kanuni hiyo kama ungamo. Ligi inajua kwamba ushindi wa dakika 60 ni mzito kuliko ushindi wa mikwaju. Inalijua vema kiasi cha kuliandika. Inakataa tu kuutumia ujuzi huo hadi timu zilingane kwa pointi mwezi Aprili.

Na ungamo kubwa zaidi liko katika mtoano wenyewe. Huko hakuna watatu kwa watatu, hakuna mikwaju, hakuna pointi ya kufariji. Wanacheza watano kwa watano, vipindi vizima vya dakika 20, hadi mmoja afunge. Mwaka 1936 Detroit na Montreal Maroons walifika nyongeza ya sita ndipo likapatikana bao moja pekee la usiku ule. Jambo linapokuwa na uzito, taasisi yenyewe huiweka kanuni yake kando.

Nirudi kwenye zile safu za msimamo, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi wa siasa anapaswa kukaza macho. Washington ya 2023/24 iliandikwa 40–31–11. Ukisoma haraka, hii ni timu iliyoshinda mara nyingi kuliko ilivyoshindwa, na watangazaji husema hivyo bila kupepesa: tisa juu ya nusu. Kwa kweli ilishindwa mechi 42. Ilifungwa mabao mengi zaidi ya iliyofunga, na katika raundi ya kwanza ya mtoano New York Rangers waliitoa kwa mechi nne kwa sifuri. Hakuna takwimu ya uongo katika safu zile tatu. Kila tarakimu ni sahihi. Udanganyifu, kama ni haki kuuita hivyo, uko katika kuzigawa mechi zilizopotezwa mafungu mawili na kulipa fungu moja jina laini. Matokeo ni ligi ambayo timu nyingi huonekana ziko juu ya wastani, ingawa kila mshindi ana mshindwa wake.

Miaka michache iliyopita niliombwa kuzipitia taarifa za utekelezaji za ofisi moja ambayo sitaitaja. Kila shughuli ilipewa alama mbili ikikamilika, moja ikiwa "inaendelea", na sifuri isipotekelezwa. Nilipofika mwisho wa jedwali sikuwa nimekutana na sifuri hata moja. Kila kitu ama kilikamilika ama kilikuwa kinaendelea, kikiwamo kisima kilichokuwa kinaendelea kwa mwaka wa tatu na ambacho, nilipouliza, hakikuwa na hata shimo. Maafisa wale hawakuwa wezi. Walikuwa wamegundua, kama walivyogundua makocha wa hoki, kwamba kuanza jambo na kutolimaliza ndiyo njia salama kuliko zote. Na mwenzao aliyemaliza kazi zake zote na kuthubutu kuandika kwamba mbili zimeshindikana ndiye aliyeonekana mzembe. Wananchi waliosubiri maji hawakuwamo katika jedwali.

Watetezi wa utaratibu wa NHL wana hoja, na si haki kuzipuuza. Wanasema kufungwa katika mikwaju baada ya dakika 65 za jasho si sawa na kufungwa sita kwa moja. Nakubali. Ila jibu lake lilikwisha kupatikana: mpe aliyeshinda ndani ya dakika 60 pointi tatu, aliyeshinda baadaye mbili, aliyeshindwa baadaye moja, aliyeshindwa mapema sifuri. Kila mechi itagawa pointi tatu, hakuna noti itakayochapwa. Rudia ile hesabu ya dakika tano za mwisho: mechi ikiamuliwa, wastani ni moja na nusu, ikivutwa, wastani ni moja na nusu. Faida ya pamoja ya kutocheza imeyeyuka, na juhudi za aliyeshindwa kwa kuchelewa bado zimelipwa. Huu si ubunifu wangu. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo hutumia mfumo huo katika ubingwa wa dunia tangu 2007, Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010 iliutumia, na ligi kuu za Sweden na Finland huhesabu kwa namna hiyo.

Hoja ya pili ni ya kitaalamu zaidi: ukichukua matokeo ya msimu uliopita ukayahesabu upya kwa mfumo wa tatu, msimamo hubadilika kidogo tu, waliofuzu huwa karibu walewale. Nimeisikia hoja hii ikitolewa kwa kujiamini sana, na ni kweli kadiri inavyokwenda. Lakini inachukulia kwamba makocha wangecheza vilevile chini ya kanuni tofauti, ilhali ubishi mzima ni kuhusu namna wanavyocheza. Ni kama kupima athari za rushwa barabarani kwa kuhesabu magari yaliyofika salama. Wale ambao kanuni iliwazuia kujaribu hawamo katika matokeo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo hawaisemi kwa sauti. Pointi za ziada huuzuia msimamo usitawanyike. Timu ya kumi na mbili katika kanda huonekana bado iko karibu mwezi Machi, tiketi zinauzwa, wadhamini wametulia. Ajabu ni kwamba ukaribu huo ni wa kutazama tu. Timu iliyo nyuma kwa pointi nne hushinda usiku, na walio mbele yake, wakikutana wao kwa wao, hugawana tatu. Ottawa ya mzee wangu iliziba pengo la pointi 14 mwaka 2015 kuanzia Februari na kuingia mtoano, na mji ulishangilia kama watu waliofufuliwa, kwa sababu kila mtu alijua jambo hilo halitokei. Msimu huohuo Los Angeles, mabingwa watetezi, walibaki nje na pointi 95.

Suala la pointi tatu limejadiliwa zaidi ya mara moja na mameneja wa timu za NHL, na kila mara limeachwa. Sishangai. Wanaopiga kura ni wamiliki na wawakilishi wa timu, na katika mwaka wowote ule wapo miongoni mwao waliofuzu kwa pointi za kushindwa kwa kuchelewa, na wapo ambao kiti chao kiliokolewa na ile safu ya tatu. Haiwezekani kumwomba mtu apige kura ya kufuta safu iliyomfanya aonekane bora. Ligi mpya ya wanawake, PWHL, ilipoanza Januari 2024 ikiwa na timu sita, Ottawa ikiwa mojawapo, ilichukua mfumo wa tatu-mbili-moja-sifuri tangu siku ya kwanza. Haikuwa na aliyezoea kitu kingine.

Wiki ya mwisho kabla sijarudi nyumbani nilimwonyesha mzee hesabu zangu zote, karatasi mbili zilizojaa. Alizisoma polepole, kama mtu aliyewahi kusoma mafaili kwa miaka thelathini. Akasema hesabu ni sahihi. Nikamwuliza kama basi angependa kanuni ibadilishwe. Akafikiri kidogo, akasema hapana. Alisema yeye ana umri wa miaka sabini na sita, baridi ya Ottawa ni ndefu, na akiambiwa ukweli kuhusu timu yake mwezi Desemba hajui atafanya nini hadi Aprili.